Kuichambua Namba Kubwa: Mfano wa 3,210,000

Mara nyingi, tunapowakagua walimu wanafunzi katika shule za Nachingwea na Ruangwa, tumeona namba kubwa ikiandikwa ubaoni, ikasomwa kwa sauti na darasa zima, kisha ikafutwa. Wanafunzi wameisoma, hawajaijua.

Tuchukue namba inayoihusu ardhi hii hasa: 3,210,000. Hizo ni ekari ambazo ripoti ya John Wakefield ya mwaka 1946 ilipendekeza zilimwe karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mradi huo wa Waingereza ulifika Nachingwea, kama ulivyofika Kongwa na Urambo.

Isomwe kwanza: milioni tatu, laki mbili na elfu kumi. Kisha mwalimu aulize: yagawanyika kwa ngapi? Sifuri nne za mwisho zaonyesha kwamba yagawanyika kwa 10,000, na jibu ni 321. Jumla ya tarakimu 3, 2 na 1 ni 6. Kwa hiyo 321 yagawanyika kwa 3, wala si kwa 9. Tukigawa, twapata 107.

Hapa tusiharakishe. Kila kikundi kipewe mbegu 107 za karanga, kizipange katika mistari iliyo sawa. Mistari miwili itabakiza mbegu moja. Mitatu, mitano au saba itabakiza mbili. Hakuna haja ya kujaribu 11, kwa kuwa 11 mara 11 ni 121, nayo imezidi 107. Basi 107 ni namba tasa. (Mbegu zihesabiwe upya kabla ya kuanza. Mtoto akitafuna moja tu, zitabaki 106, nazo zitapangika vizuri katika mistari miwili, na somo litakuwa limeharibika.)

Sasa namba yetu imekuwa 2×2×2×2×3×5×5×5×5×107. Kigawo chake chochote huchukua 2 kwa njia tano (yaani kutoichukua kabisa, au kuichukua mara moja hadi mara nne), 3 kwa njia mbili, 5 kwa njia tano, na 107 kwa njia mbili. Zidisha: vigawo vyote ni 100 kamili.

Hiyo 107 ndiyo alama ya asili yake. Ripoti ilipendekeza mashamba 107, kila moja ekari 30,000: Tanganyika 80, Rhodesia ya Kaskazini 17, Kenya 10. Jumla ilipatikana kwa kuzidisha mezani, kabla pori halijafyekwa. Kuzidisha kulikuwa sahihi. Lakini udongo na mvua havikuwa sawa kila shamba kama hesabu ilivyodai, na mwaka 1951 mradi uliachwa.

Kwa zoezi, wanafunzi wapewe 3,200,000, yaani namba ileile ikikadiriwa kwa laki iliyo karibu. Waichambue wenyewe. Watapata mbili kumi na tano tano, basi. Kisha waulizwe yale mashamba 107 yamepotelea wapi.