Mavuno na ladha hukaa chungu kimoja

Mbegu mpya ya mpunga ikisifiwa kwa wakulima wa mabondeni wanaosubiri masika, kama wa Msimbu, Kisarawe, swali la kwanza ni hili: inazaa, sawa, wali wake je? Swali hilo si la ubishi. Mwaka 1966 kituo cha utafiti wa mpunga cha IRRI huko Ufilipino kilitoa IR8, mpunga mfupi uliozaa kwa wingi usiozoeleka, lakini punje zake zilikuwa na weupe wa chaki, zikitoa chenga nyingi zikikobolewa, na wali ukipoa unakuwa mgumu. Tangu hapo imezoeleka kusemwa kwamba wingi na ladha haviendi pamoja. Mimi naona kosa liko kwenye mpangilio wa kazi ya watafiti, si kwenye mmea.

Ufupi wa IR8 unatokana na jeni moja. Harufu ya mchele wa kunukia inatokana na nyingine, iliyo kwenye kromosomu tofauti kabisa. Ulaini hutegemea zaidi amilosi, aina mojawapo ya wanga: ikizidi, wali unachambuka vizuri ukiwa wa moto lakini kiporo chake kinakauka, ikipungua mno, unanata. Ukichanganya mpunga mrefu unaonukia na mfupi usionukia, katika kizazi cha pili takriban mche 1 kati ya 16 unakuwa mfupi na wenye harufu. Mtafiti anayepima uzito wa masuke miaka yote na kuacha mapishi hadi mwisho huenda ameshautupa. Kuutambua hakuhitaji hata sufuria: majani machache hukatwakatwa, yakalowekwa dakika 10 kwenye maji ya potasi, mtu akanusa. Zanzibar walianzia kwenye ladha: walichukua mbegu ya Supa inayopendwa, wakaipitisha kwenye mionzi, wakachagua miche iliyozaa zaidi, na mwaka 2011 wakatoa Supa BC.

Wapo wasemao ladha iko ardhini, wakitaja mchele wa Kyela (jina linalobandikwa hata magunia yasiyowahi kufika Mbeya). Wana haki kidogo, kwa kuwa ubaridi wakati punje zinajaa huongeza harufu. Ila mpunga usio na jeni ya harufu hautanukia hata ukipandwa Kyela. Hoja nzito zaidi ni kwamba mpunga mfupi huzama maji yakijaa bondeni na hushindwa na magugu ambayo Supa, kwa urefu wake, huyafunika. Hapo nakubali. Mbegu ya SARO 5, iliyoidhinishwa mwaka 2002 na kunukia kiasi, huonyesha uwezo wake kwenye mifereji na mbolea. Pasipo mfereji, mavuno yanatokana zaidi na kukomaa kabla mvua haijakatika na kuhimili virusi vya manjano, ugonjwa unaoiumiza sana Supa. Kwa hiyo majaribio ya mbegu za Kisarawe yafanyike kwenye mabonde ya mvua, na wapishi wa hukohuko wapewe mchele wa kila mstari wa uzao tangu vizazi vya mwanzo, waupike na kuonja na kiporo chake, kabla mtafiti hajaamua upi wa kuendelea nao.