Mali ya Serikali Ina Wenyewe

Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Hiyo ni mali ya Serikali," kana kwamba mali hiyo haina mwenyewe. Neno hilo yafaa tulichungue, kwa maana limeleta hasara nyingi. Sehemu kubwa ya fedha ya Serikali hutoka katika kodi na ushuru wa watu, hata ushuru wa gunia la mahindi analouza mkulima. Basi mwenye gunia lile ni mmoja wa wenye mali.

Katika Tanzania jambo hili limo katika Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 27 yampa kila mtu wajibu wa kuilinda mali ya mamlaka ya nchi na mali ya wananchi wote, tena yataka uharibifu na ubadhirifu upigwe vita. Vilevile Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 yawataka viongozi waorodheshe kwa maandishi mali zao na madeni yao.

Lakini sheria hazitoshi pasipo maagizo ya kila siku ndani ya ofisi: nani achukue gari, nani atie sahihi ya mafuta, nani ashike ufunguo wa bohari. Watumishi wengine huyaona maagizo hayo kuwa ni udhia mtupu. Sivyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tutazame mfano. Gari la halmashauri, lenye namba zinazoanza na herufi SM, lina daftari lake la safari. Humo huandikwa limekwenda wapi, kwa kazi gani, kwa idhini ya nani, na limetumia mafuta kiasi gani. Tuseme Jumamosi limechukuliwa kupeleka watu arusini, wala halikuandikwa neno. Hapana aliyeona ameibiwa kitu. Jumatatu usiku mama mjamzito azidiwa kijijini, na gari halina mafuta ya kumfikisha hospitali. Hapo ndipo ile arusi inapolipiwa, na anayelipa siye aliyecheza ngoma. Hata chaki za shule na dawa za zahanati hali yake ni hiyo hiyo.

Je, nani mkaguzi? Kwa Ibara ya 143, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu walau mara moja kila mwaka, na taarifa yake hufika Bungeni. Lakini yeye hawezi kusimama mlangoni pa kila bohari. Kijijini wakaguzi wa karibu ni wanakijiji wenyewe, katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopasa kufanywa kila miezi mitatu. Humo mapato na matumizi husomwa mbele ya watu wote.

Kwa hiyo twawasihi wazee na walimu wasikose kuhudhuria, na wawasaidie wasiojua kusoma kuzielewa hesabu. Waulize kwa adabu: fedha iliyoingia ni ngapi, imenunua nini, na stakabadhi iko wapi? Kuuliza si kumtukana mtu. Karani mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa kuwa daftari lake humjibia.