Kukimbia kwa Ajili ya Mtoto wa Mwenzio

Mzee wa kijijini akiwaona watu mia kadha wakikimbia barabarani alfajiri, nao hawafukuzwi na simba wala hawaendi kuzima moto, hana budi kuuliza, "Hao wakimbilia nini?" Akijibiwa kwamba wawatafutia watoto maskini fedha za kusomea, atazidi kustaajabu. Je, fedha hizo zimewekwa mwisho wa njia?

Wasomaji wetu, swali la mzee huyu ni la haki, nalo lataka jibu.

Desturi yenyewe ni hii. Mtu hujiandikisha katika mashindano ya mbio, kisha huwaendea jamaa zake, jirani zake na wenzake wa kazini, ana karatasi mkononi. Huwaambia, "Siku fulani nitakimbia maili kadha wa kadha. Nikifika, wewe utatoa shilingi ngapi?" Kila mmoja huandika jina lake na ahadi yake, wengine huahidi kwa kila maili, wengine huahidi fungu moja. Basi fedha hazitoki katika miguu ya mkimbiaji, bali katika mifuko ya wale waliokaa kitako.

Mtu aweza kusema, "Kama ni hivyo, kwa nini wasitoe tu bila mtu kujichosha?" Wangeweza, lakini sisi wanadamu twajuana. Tena iko faida nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Zamani, na pengine hata leo, mtu akitaka kumsaidia mtoto fukara humsimamisha mbele ya mkutano, shati lake limepasuka, akaeleza habari za baba aliyekufa na mama asiye na shamba. Watu huona huruma, wakatoa. Mtoto hupata madaftari, lakini heshima yake imekwenda, kwani kesho wenziwe darasani watamkumbusha yote yaliyosemwa. Katika mbio si hivyo. Aibu ya kuomba huichukua mkimbiaji. Atokwaye na jasho na kuchechemea mbele ya watu ni yeye, na mtoto hajulikani ila na mwalimu wake.

Desturi hii imekuwa na nguvu sana huko Uingereza. Tarehe 29 Machi 1981 zilikimbiwa mbio ndefu za kwanza za London, yaani maili 26 na yadi 385. Mmoja wa walioziasisi alikuwa Chris Brasher, aliyepata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Siku ile watu 6,255 walifika mwisho. Wawili waliotangulia, Dick Beardsley wa Marekani na Inge Simonsen wa Norwe, walishikana mikono wakavuka mstari pamoja, asiwepo wa kwanza wala wa pili. Tangu mwaka ule wakimbiaji wa London wamekusanya zaidi ya paundi milioni elfu moja kwa kazi za hisani za kila namna, na elimu ya watoto imo.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mbio za Lewa, zilizoanza mwaka 2000. Hizi hukimbiwa ndani ya hifadhi ya wanyama, kwenye njia za vumbi, na askari wa hifadhi hulinda ili mkimbiaji asikutane na faru au simba. (Mzee wetu hapo angesema kumbe simba yupo!) Sehemu ya fedha hutunza wanyama, na sehemu husaidia shule na zahanati za watu wa karibu. Jambo hili ni la busara, kwa kuwa mtu ambaye mwanawe hasomi hawezi kupendezwa na faru wa jirani.

Lakini twasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mashindano ni ya siku moja, na shule ni ya miaka. Mtu aliyelijua hili vema ni Kipchoge Keino wa Kenya. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa na jamaa, akawa askari wa polisi. Mwaka 1968 huko Mexico alishinda mbio za mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, na mwaka 1972 huko Munich akashinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Sifa zile hakuziacha ziishie katika makofi. Yeye na mkewe Phyllis waliwapokea mayatima nyumbani kwao Eldoret, wakawalisha na kuwasomesha pamoja na watoto wao wenyewe, na mwaka 1999 shule ya msingi yenye jina lake ikafunguliwa. Na huku kwetu Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, naye baadaye alijenga shule.

Labda baba mmoja atasema, "Ada imekwisha kufutwa, fedha ni za nini tena?" Ni kweli, huku Tanzania ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na ya kidato cha kwanza hata cha nne tangu mwaka 2016. Lakini mwalimu ajua yanayobaki: sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana, na kitanda cha bweni kwa msichana ambaye kwao ni mbali. Mtoto hufaulu mtihani, jina lake likasomwa, kisha akakosa kwenda kwa ajili ya sketi na jozi ya viatu. Watoto wa namna hii kila mwalimu aweza kuwahesabu kwa vidole.

Basi, walimu wakitaka kufanya mbio ndogo kwao, wasiige fahari ya mijini. Fulana zenye maandishi zaweza kula nusu ya makusanyo. Njia ya maili tatu yatosha, nayo hupimwa kwa baiskeli. Waanze kabla jua halijawa kali, maji yawekwe njiani, na mganga wa zahanati apewe habari. Wazee watembee, si lazima wakimbie. Ahadi ziandikwe kabla, na fedha zikusanywe juma lile lile, maana ahadi husahauliwa upesi kuliko maumivu ya miguu. Watu watatu wazishike, na hesabu isomwe mbele ya wote, shilingi kwa shilingi.

Lakini majina ya watoto yasisomwe. Yakae katika daftari la mwalimu mkuu, na mzazi aitwe peke yake apewe sare kwa stakabadhi. Wala fedha zisimalizwe zote mwaka ule, kwa kuwa mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari angali ana miaka mitatu mingine mbele yake.