Mbwa Kijana Anapoingia Nyumbani

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mbwa wa nyumbani aghalabu hutoka kwa jirani ambaye jike wake amezaa, au huokotwa akirandaranda mitaani. Wengi wao ni chotara wasiojulikana nasaba. Uchotara si kasoro. Yanayopaswa kumshughulisha mwenye nyumba ni mambo mawili: nguvu za mnyama huyo na rekodi yake ya chanjo.

Mbwa mwenye umri wa miezi 6 hadi 18 hufanana na kijana aliyebalehe: mwili unakaribia kukomaa, lakini utulivu bado. Hurukia wageni, hutafuna viatu, na huukamata mkono wa mtoto kwa meno kana kwamba anacheza na mbwa mwenziwe. Kumfunga mnyororo kutwa hakumtulizi, bali humzidishia wahaka na ukali. Kinachomtuliza ni matembezi ya asubuhi na jioni, pamoja na mafunzo ya dakika chache kila siku, akituzwa kipande cha chakula kila anapotii. Anapong'ata mchezoni, mchezo ukome papo hapo, ili ajifunze kuwa meno humpotezea wenzi. Mtoto mdogo asiachwe naye pasipo mtu mzima.

Hata hivyo, jino la mchezo nalo ni jino. Hapa ndipo familia huweza kukosea: mkwaruzo hupuuzwa kwa sababu mbwa "alikuwa akicheza tu". Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate, huingia penye jeraha, kisha husafiri kupitia neva hadi ubongoni. Kwa binadamu, dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi 2 hadi 3, na zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kila mwaka, vingi vikiwa Asia na Afrika. Mbwa huweza kutoa virusi katika mate siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili. Hivyo, uchangamfu wake wa leo si hakikisho la usalama.

Kwa hiyo, mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo mara anapopatikana. Achanjwe dhidi ya kichaa akiwa ametimiza miezi 3 au zaidi, na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoelekeza. Apewe pia dawa ya minyoo, kwani mayai ya minyoo yaliyomo katika kinyesi chake huweza kumwambukiza mtoto achezaye mchangani. Ikumbukwe kuwa chanjo haimponyi mbwa aliyekwisha kuugua. Mchangamfu akinyong'onyea ghafla, mpole akiwa mkali, au akitokwa na mate mengi na kushindwa kumeza, asiguswe; daktari wa mifugo aarifiwe.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe mafuta, majivu wala majani. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na akianzishiwa chanjo akamilishe dozi zote, isipokuwa mtaalamu aamue vinginevyo. Mbwa asiuawe kwa hasira: akifungiwa mahali salama na kubaki mzima kwa siku 10, tabibu hupata ushahidi kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku ile alipouma.