Kava la CD

Kava la CD ni karatasi iliyochapwa inayowekwa ndani ya kasha la plastiki la CD. Huonyesha jina la albamu, msanii, orodha ya nyimbo na wenye haki. CD, iliyobuniwa na kampuni za Philips na Sony, ilianza kuuzwa mwaka 1982. Katika miji kama Shinyanga, Kahama na Geita, CD na DVD zimetumiwa na kwaya za makanisa na waimbaji wa nyimbo za Kisukuma kuuza kazi zao.

Vipimo

Kasha la kawaida huhitaji karatasi mbili. Ya mbele ina upana na urefu wa milimita 120. Ya nyuma ina upana wa milimita 151 na urefu wa 118. Kila upande milimita 6.5 hukunjwa kuwa mgongo, ambao ndio huonekana CD zikipangwa rafuni. Kava la DVD ni kubwa zaidi: milimita 273 kwa 183.

Picha ya usuli huongezwa milimita 3 kila upande, ili kisu kikikosea kidogo pasibaki ukingo mweupe. Maandishi huwekwa ndani ya mstari wa kukatia, angalau milimita 3.

Picha na rangi

Picha huhitaji nukta 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo kava la mbele pamoja na ziada yake huhitaji takriban nukta 1,488 kila upande. Picha iliyopunguzwa ilipotumwa kwa simu huweza kuonekana safi kwenye skrini lakini ikatoka na ukungu ikichapwa.

Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Rangi zisipobadilishwa mapema, zile kali huweza kufifia.

Majina na haki

Kosa moja hurudiwa katika kila nakala. Majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'wana huhitaji uangalifu, kwa sababu baadhi ya fonti huharibu alama ya ritifaa. Ni vizuri wenye majina wenyewe wasome nakala ya majaribio kabla ya uchapaji.

Mtunzi na mwimbaji hutajwa kila mmoja kwa kazi yake, hasa wimbo wa kwaya unapokuwa umetungwa na mtu mmoja. Alama © huonyesha mwenye haki ya maandishi na picha. ℗ Huonyesha mwenye haki ya sauti iliyorekodiwa. Tanzania Bara haki hizo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA.

Mwaka 2013 Tanzania ilianzisha stempu za kodi kwa bidhaa za muziki na filamu. Kwa sababu hiyo, mchoraji alihitaji kuacha nafasi ambapo stempu haingefunika jina la mtu wala barkodi.