Nyimbo na Bendi za Dansi Wakati wa Vita ya 1939–1945

Mtu akitaja vita, mawazo ya wamsikiao huenda mara moja kwenye bunduki, mizinga na manowari. Ni wachache wakumbukao kwamba Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, ilipiganwa pia kwa nyimbo. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi muziki wa dansi ulivyotumika katika vita ile, kwa nini wakubwa wa nchi walitaka kuutawala, na kwa nini bendi kubwa zilizosifiwa kote duniani zilivunjika mara amani ilipopatikana.

Kwanza yafaa tueleze bendi ya dansi ya siku zile ilikuwa kitu gani. Ilikuwa na wapigaji kumi na wawili au kumi na watano, pengine zaidi, nao waliketi kwa safu. Mbele walikaa wenye saksafoni na klarineti, nyuma yao wenye tarumbeta, na kando wale watunzao mwendo, yaani wa piano, gitaa, besi na ngoma. Kila mmoja alikuwa na karatasi yenye noti zake. Mwimbaji alikuwa kama mtumishi wa bendi tu. Aliketi kimya mpaka zamu yake, akasimama akaimba beti mbili, kisha akarudi kitini. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa lilikuwa la kiongozi wa bendi. Twaomba msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

Vita ilipoanza, Serikali ya Uingereza ilifunga majumba yote ya sinema na ya michezo kwa kuogopa mabomu. Hazikupita siku nyingi yakafunguliwa tena, kwani ilionekana kwamba watu wakikaa gizani bila furaha, mioyo yao huvunjika hata kabla adui hajafika. Tarehe 23 Juni 1940 BBC ilianzisha katika redio, ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo, kipindi cha muziki kwa ajili ya wafanya kazi wa viwandani. Kilipigwa mara mbili kila siku, nusu saa kwa nusu saa, bila kukatizwa kwa maneno. Sharti lake lilikuwa mwendo ulio sawa, usiolegea wala kushtua. Jambo hili si geni kwetu. Watu wavutao jahazi kulipandisha pwani huimba ili mikono iende pamoja, na wanawake wawili watwangao katika kinu kimoja hufanya vivyo hivyo. Lakini wimbo mmoja wa Kimarekani wenye mahali pa kupiga makofi ulikatazwa katika kipindi hicho. Wafanya kazi walipoufikia mahali hapo waliacha kazi wakagonga mashine kwa vyombo vyao.

Basi wapigaji nao hawakuwa mbali na hatari. Katika London palikuwa na kiongozi wa bendi kijana, Ken Johnson, mtu mweusi aliyezaliwa Georgetown katika Guyana mwaka 1914. Karibu wote katika bendi yake walikuwa watu weusi, wengi wao wa visiwa vya West Indies, na sifa yao ilienea kwa redio. Walikuwa wakipiga katika ukumbi uitwao Café de Paris, uliochimbwa chini ya ardhi, chini ya jumba la sinema, na watu waliuona kuwa mahali pa salama kuliko pote mjini. Usiku wa tarehe 8 Machi 1941, bendi ikiwa inapiga na watu wanacheza, mabomu yaliingia mpaka ndani ya ukumbi, na moja likapasuka mbele ya jukwaa. Watu zaidi ya thelathini walikufa, na Ken Johnson akiwa mmoja wao, umri wake miaka 26. Wapigaji wake waliosalimika wakatawanyika katika bendi nyingine. Hivyo ndivyo ilivyokwisha katika dakika moja bendi iliyowaonyesha Waingereza wengi ufundi wa watu weusi.

Sasa tutazame upande wa adui. Serikali ya Hitler iliuchukia muziki wa jazi, ikasema ni muziki wa watu weusi na Wayahudi, usiowafaa Wajerumani. Mwezi wa Agosti 1941 katika mji wa Hamburg vijana wengi walikamatwa kwa kuupenda muziki huo na mavazi yake, na baadhi yao walipelekwa katika kambi za mateso. Lakini Serikali hiyo hiyo iliweka bendi yake ya jazi Berlin, ikiimba kwa Kiingereza maneno ya kuwadhihaki Waingereza, ili wasikilizaji wa ng'ambo wavutwe na muziki kisha wameze sumu iliyomo. Mwenye kukataza asali nyumbani kwake aliitumia yeye mwenyewe kama chambo.

Wimbo uliowashinda wakubwa wa pande zote mbili ulikuwa ule uitwao Lili Marleen. Maneno yake yalitungwa na askari Mjerumani, Hans Leip, katika vita ya kwanza, mwaka 1915. Sauti yake ilitungwa na Norbert Schultze mwaka 1938, na mwaka uliofuata Lale Andersen akauimba katika santuri. Watu walioinunua walikuwa wachache. Mwaka 1941 Wajerumani waliteka mji wa Belgrade, wakaanzisha huko kituo cha redio kwa ajili ya askari wao. Santuri zao zilikuwa chache, na hii ilikuwa mojawapo. Barua za askari zikamiminika kuomba wimbo ule, ukawa ukipigwa kila usiku karibu na saa nne. Sauti ya redio haizuiwi na mipaka. Katika majangwa ya Libya na Misri, ambako walikuwapo pia maelfu ya watu wa Afrika Mashariki katika vikosi vya kazi, askari wa Kiingereza nao waliusikiliza wimbo wa adui. Goebbels, waziri wa habari wa Hitler, hakuupenda, akauona wa huzuni mno, wala hakuweza kuuzima. Waingereza walifanya busara: badala ya kuukataza, waliutungia maneno ya Kiingereza.

Huzuni hiyo hiyo ilileta ubishi Uingereza. Mwezi wa Novemba 1941 Vera Lynn, binti wa London aliyewahi kuimba na bendi ya Ambrose, alipewa kipindi chake katika BBC. Aliimba nyimbo za kuagana na kutumaini kuonana, na kuwapasha askari habari za nyumbani. Wakubwa kadha wa kadha walinung'unika, wakisema nyimbo za mapenzi huwalegeza askari, yafaa wapewe nyimbo za kishujaa. Mwaka 1942 BBC iliweka kanuni za kuzuia nyimbo zilizoonekana laini kupita kiasi. Lakini askari wenyewe walionyesha wazi walichokitaka. Mtu aliye mbali na mkewe hahitaji kuambiwa kuwa yeye ni shujaa. Ataka kuamini kwamba atarudi. Mwaka 1944 Vera Lynn alisafiri mpaka Burma, akaimba katika kambi na hospitali za Jeshi la Kumi na Nne. Miezi michache baadaye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiwa sehemu ya jeshi hilo hilo, ilipita bonde la Kabaw katika mvua na matope. Bibi huyo aliishi mpaka mwaka 2020, akafa mwenye umri wa miaka 103.

Turudi sasa kwenye neno tuliloliweka akiba. Kwa nini bendi kubwa zilikwisha? Wengi husema watu walichoka nazo. Sababu hiyo peke yake haitoshi. Santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa sheleki, kitu kigumu jamaa ya lakiri, kitokacho kwa wadudu wadogo wa India na nchi za jirani. Vita ilipofunga njia za bahari, Marekani mwaka 1942 ilipunguza sana sheleki iliyoruhusiwa kutengenezea santuri. Vijana wapigaji waliitwa jeshini. Petroli na mipira ya magari ilitolewa kwa kipimo, na bendi ya watu kumi na watano haiwezi kula bila kusafiri. Tena tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wapigaji wa Marekani kiligoma kurekodi, kikidai malipo kwa sababu santuri zilikuwa zikipigwa redioni bila wao kupata kitu. Kampuni mbili kubwa hazikukubali mpaka Novemba 1944.

Lakini waimbaji hawakuwa katika chama kile. Kampuni zikawarekodi peke yao, na sauti za watu wengine zikishika mahali pa bendi. Mgomo ulipokwisha, mtumishi aliyekuwa akiketi kitini amekuwa bwana, na bendi imekuwa ikimfuata yeye. Wapigaji walidai haki yao wakaipata, ila waliporudi, kiti chao kilikuwa kimekaliwa.

Kiongozi mashuhuri kuliko wote, Glenn Miller, hakuiona amani. Mwaka 1942 aliiacha bendi yake yenye faida kubwa akaingia jeshini, na mwaka 1944 akaleta Uingereza bendi ya askari. Tarehe 15 Desemba 1944 alipanda ndege ndogo kwenda Paris kutengeneza mahali pa bendi yake. Ndege hiyo haikuonekana tena mpaka leo.

Kwetu Afrika Mashariki dansi haikuletwa na vita. Beni ilichezwa pwani tangu kabla ya vita ya kwanza, na Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya jazi tangu miaka ya 1930. Lakini vita iliongeza mafundi. Jeshi la King's African Rifles lilikuwa na kikundi cha kuwaburudisha askari, na mmoja wa watu wake, Fundi Konde, baada ya kurudi kutoka Burma alipata sifa kubwa Nairobi kwa gitaa na sauti yake.

Santuri za Ulaya na Marekani zimehifadhiwa, hata za bendi zilizokufa. Nyimbo nyingi walizoimba askari wetu njiani na kambini hazikuwekwa katika santuri, na wale waliozijua kwa vinywa vyao karibu wote wamekwisha kutangulia. Wamebaki wana na wajukuu waliozisikia jioni barazani. Basi twawasihi wazee wa miji na walimu: mwalimu ana daftari, na mtoto ana bibi nyumbani. Waulizeni, mwandike maneno kama yalivyo, na jina la mji, na jina la mtu aliyeimba. Kazi hii haina gharama, ila haingojei.