Embe Halina Kosa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya embe. Sisemi juu ya bei yake sokoni, bali juu ya kesi ambayo tunda hili limebambikiwa kwa miaka mingi, na jinsi kesi hiyo inavyowaumiza watoto wetu wa shule za msingi.

Mimi nilisoma shule ya msingi mjini Tabora. Anayeujua mji ule anajua kwamba ukitaja Tabora umetaja miembe. Iko barabarani, iko nyuani, na ukienda Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, utaikuta huko pia. Miembe mikongwe ni alama ya njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu mabegani mwa wapagazi, na ilipitisha watumwa. Watu wa pwani walikuja na embe, nasi watoto wa shule tukairithi miti hiyo bila ya kuuliza aliyeipanda.

Sasa, Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Maembe huiva wakati huo huo, na homa nayo hushika kasi wakati huo huo. Basi watu wakajumlisha: mtoto kala embe bichi, mtoto kapata homa, kwa hiyo embe ndilo lililoleta homa. Naamini wengi mnaonisikiliza mmelelewa na maneno hayo.

Nilipokuwa darasa la nne, nilikaa dawati moja na rafiki yangu ambaye hakuwa na mpinzani katika kupanda miembe. Shule zilipofunguliwa mwezi Januari, alirudi akiwa hana raha. Somo likianza tu, yeye kichwa juu ya dawati. Mwalimu akasema ni uvivu wa likizo, akamchapa viboko viwili na kumsimamisha nyuma ya darasa. Nyumbani nako mama yake akasema, "Si nilikukataza maembe mabichi?" Akanyimwa maembe, akapewa maji ya mwarobaini. Siku ya nne alianza kuweweseka usiku, ndipo baba yake alipompakia kwenye baiskeli, akampeleka hospitali. Ilikuwa malaria, na damu ilikuwa imepungua sana. Alipona, namshukuru Mungu, lakini alirudi darasani baada ya mwezi mmoja na nusu, na hesabu za sehemu zilikuwa zimeshampita. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Amini usiamini, hadi leo hali embe.

Tusiwacheke wazee wetu, kwa maana hata wasomi waliteleza papo hapo. Mwingereza Richard Burton aliandika kitabu juu ya safari yake katika nchi ya Wasomali, kikatoka mwaka 1856. Humo alieleza kwamba watu wa huko walisema kuumwa na mbu huleta homa kali. Burton aliona kuwa hiyo ni imani tu isiyo na msingi. Kwa maoni yake, mbu na homa vilihusishwa kwa sababu tu huja kwa wakati mmoja. Mwaka uliofuata alishika njia ya misafara pamoja na Speke, wakatembea siku 134 kutoka pwani, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Wote wawili waliugua homa njiani. Miaka 40 baadaye, mwaka 1897, Daktari Ronald Ross akiwa India aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Wasomali walikuwa wamesema kweli.

Mnaona ajabu yake? Burton aliona vitu viwili vinakuja pamoja, akamwachia huru mwenye hatia. Sisi tumeona vitu vitatu vinakuja pamoja, yaani mvua, embe na homa, tukamfunga asiye na hatia. Na wakati tunalishitaki embe, mbu anaendelea na kazi yake.

Kazi hiyo ina hesabu yake. Mvua ikinyesha, maji hutuama kwenye mashimo ya matofali, kwenye majaruba ya mpunga, hata kwenye nyayo za ng'ombe. Mbu anayeeneza malaria hutaga humo, na mayai huchukua kama juma moja au mawili kuwa mbu kamili. Mbu huyo lazima kwanza amuume mtu mwenye vimelea, halafu vimelea vikae mwilini mwake siku 10 hadi 14 hivi kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Huyo wa pili naye mara nyingi hupitisha siku 10 hadi 15 kabla ya kupata homa. Ukijumlisha, utaona kwamba maji yaliyotuama mwisho wa Novemba yanaweza kuwa homa ya Januari, na Januari ndipo kengele ya shule inapogongwa.

Wala tusidhani haya ni mambo ya zamani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoa wa Tabora ndio ulioongoza nchini: kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa, 23 hivi walikuwa na vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa 8.

Utaniuliza, mbona hesabu ni ya wadogo, nawe unasema juu ya wa shule? Hapo ndipo penye jambo. Mtoto mchanga ana kadi ya kliniki, na mama yake hupewa chandarua. Akifika darasa la kwanza anahesabiwa kuwa amekua. Chandarua kinabaki kwa mdogo wake, yeye anatandikiwa mkeka sebuleni. Isitoshe, mtoto wa umri huo aliyekulia penye malaria nyingi huweza kukaa na vimelea bila ya homa. Anacheza, anakwenda shule, lakini damu inapungua, anasinzia na hashiki anachofundishwa. Na mbu anayemuuma huondoka na vimelea kuwapelekea wengine. Serikali ililiona hilo, ndiyo maana mwaka 2013 ilianza kugawa vyandarua kupitia shuleni katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, kisha mpango ukaenea kwingineko.

Kwa ninyi mnaoishi Dar es Salaam, ambako malaria imepungua sana, nina neno. Kila Desemba mnawapakia watoto kwenye treni au basi waende kwa bibi. Ni vizuri, mtoto amjue bibi yake. Lakini mtoto huyo hana uzoefu wa malaria mwilini, na ikimpata humwangusha vibaya. Mfungieni chandarua ndani ya begi lake. Akirudi, akapata homa wiki mbili au tatu baadaye, msiseme ni uchovu wa safari au maembe ya bibi. Mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni mganga alikotoka.

Walimu wetu nao, nawaomba kwa heshima zote: mtoto anayelala darasani msimu wa mvua mguseni paji la uso kabla ya kutafuta fimbo. Muulizeni alilala wapi na kama alikuwa na chandarua. Kamati za shule, kabla ya likizo kwisha, piteni uwanjani na jembe. Fukieni mashimo mnayoweza kuyafukia, na yale ya matofali yasiyofukika yaoneshwe kwa maofisa wa afya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na mzazi, mtoto akipimwa akapewa dawa mseto, amalize siku tatu kamili. Siku ya pili homa hushuka, mtoto akadai mpira, na vidonge vikasahaulika kabatini. Vimelea vilivyosalia havisahau.

Ama embe, nalo lina sharti lake moja: lioshwe kwa maji safi, na mikono ioshwe kwa sabuni. Embe lililookotwa matopeni likaliwa hivyo hivyo huweza kuleta kuharisha, na katika msimu wa mvua hata kipindupindu. Hapo kosa ni la uchafu, si la tunda.

Kwa hiyo waacheni watoto wale maembe yao. Jioni ikifika, mwenye nyumba apite na taa chumba kwa chumba, mpaka sebuleni penye mkeka, ahesabu watoto, kisha ahesabu vyandarua. Hesabu hizo mbili zisipolingana, msilitafute kosa juu ya mwembe.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.